Akiba huoza jamani, tena huozea humo humo ndani ya boksi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua maana hili jambo limenikaa kooni tangu nisome ile makala yenu ya kupanga nyumba, ile iliyosema kitu chochote ambacho hujakigusa kwa miezi 12 kitoe, kitupe, usikionee huruma. Nimeisoma mara mbili. Mwandishi ana nia njema na najua watu wengi wamechoka kuishi katikati ya makorokoro, ila ushauri ule ukifuatwa kama ulivyo utawaumiza watu, na naandika hivi kwa sababu mwaka huu mimi na ndugu zangu wawili tumetoa vitu vyote kwenye stoo ya marehemu baba na nusura tufanye kosa ambalo tungelilia maisha yetu yote.

Baba alikuwa mtu wa kutunza. Ukimuuliza hiki cha nini atakujibu akiba haiozi, basi, mjadala umeisha. Alipofariki hatukuwa na nguvu ya kufungua ile stoo, tukaifunga na kufuli, miaka mitatu ikapita. Siku tulipoifungua kaka yangu akasema kwa sauti kabisa, tusichague, tubebe yote tukachome, hamna aliyevihitaji miaka yote hii. Dada akasema hakitoki kitu humu ndani, hivi ni vya baba. Mimi nikiwa katikati yao nikaona wote wawili wamekosea na sikuweza kueleza kwanini, ndo nakuja kueleza sasa.

Nianze na viatu maana ndivyo vilivyonifungua macho. Juu kabisa ya rafu kulikuwa na boksi, ndani viatu vyeusi vipyaaa, karatasi yake laini bado imefunika, baba alivinunua akasema atavivaa siku maalum na hiyo siku haikufika. Kaka akavijaribu. Hatua ya nne soli ikameguka kama udongo mkavu, ya tano kisigino kikabaki sakafuni. Tukadhani tuliuziwa feki, kumbe hapana, fundi viatu mmoja mzee alinieleza kwamba soli nyingi za siku hizi zile nyepesi zimetengenezwa kwa poliyurethani, aina ya plastiki, na hiyo kitu unyevu wa hewani unaivunja taratibu hata kama kiatu hakijawahi kugusa barabara, tena mara nyingi kinachokaa tu bila kuvaliwa ndo kinaharibika vibaya maana kimefungiwa kwenye boksi na unyevu wake. Kwa hiyo baba alijinyima kuvaa viatu vyake ili avitunze, na kuvitunza kwenyewe hakukuviokoa. Nilikaa chini pale pale stoo nikalia, sikulia kwa ajili ya viatu.

Ndo maana nasema akiba inaoza. Kitu ukikiweka hakisimami kilivyo kikikusubiri, kinaendelea kuzeeka gizani na wewe huoni. Rababendi inayofunga karatasi inakauka na kung'ang'ania kwenye karatasi, pini zinapata kutu na kutoboa, betri iliyosahauliwa ndani ya redio au rimoti inavuja ule unga mweupe unaokula vyuma vya ndani mpaka redio nzima inakufa kwa sababu ya betri mbili ambazo mtu alitakiwa kuzitoa kwa sekunde kumi tu. Tulikuta tochi tatu na redio moja zimekufa kifo hicho hicho.

Lakini sasa, na hapa ndo nagombana na makala yenu, twende kwenye karatasi.

Ile kanuni ya miezi 12 ukiipeleka kwenye karatasi ni hatari kabisa. Cheti cha kuzaliwa unakitumia mara ngapi? Hati ya kiwanja je? Cheti cha ndoa, cheti cha kifo cha mzazi, barua ya kumaliza mkopo? Hivi ni vitu ambavyo unaweza usiviguse miaka 20 halafu siku moja ukavihitaji kabla ya saa nne asubuhi. Sisi hati ya kiwanja cha baba tuliikuta ndani ya begi kuukuu lililochanika mkono, katikati ya bili za umeme na kalenda za zamani, na lile begi kaka alikuwa ameshalitoa nje kwenye rundo la kuchoma, kiberiti kiko mfukoni. Dada ndo alisema ngoja kwanza nifungue zipu. Sitaki hata kufikiria ingekuwaje.

Upande mwingine wa karatasi ni risiti. Baba alizitunza kwenye bahasha, ameandika juu kabisa risiti za malipo, tumefungua tukakuta vikaratasi vyeupe havina kitu. Zile risiti laini zinazotoka kwenye vimashine hazitumii wino, karatasi yenyewe imepakwa kemikali inayobadilika rangi kwa joto, na ikikaa, ikipata joto au mwanga au ikigusana na plastiki ya faili maandishi yanafutika. Kama risiti ina maana kwako, ya garantii au ya malipo ya deni, piga picha au toa fotokopi siku hiyo hiyo uliyoipata, usingoje wikiendi. Na vyeti halisi naomba watu muache kuvilamineti, ile plastiki inabandikwa kwa moto na haitoki tena, na kuna ofisi zinakataa cheti kilichofanyiwa hivyo. Weka kwenye bahasha safi ndani ya kitu kisichoingiza maji, kiwe juu, kisiwe sakafuni, halafu skani uwe na nakala sehemu mbili tofauti, moja isiwe ndani ya nyumba hiyo hiyo, maana moto na mafuriko havichagui chumba. Karatasi ambazo hazina faida tena zichane vipande vidogo kabla ya kutupa, usitupe karatasi yenye namba ya akaunti na sahihi yako ikiwa nzima.

Dawa nazo. Tulipata ndoo, nasema ndoo, ya dawa. Pakiti za vidonge zimekatwa katwa tarehe imebaki kwenye kipande kilichotupwa, chupa za dawa za maji za watoto ambao sasa wana watoto wao, antibayotiki zilizobaki nusu dozi. Najua kila nyumba ina kikapu cha hivi na najua kinatokana na hofu ya kuugua usiku, siwalaumu watu. Ila antibayotiki iliyobaki maana yake mtu hakumaliza dozi aliyoandikiwa, na ukija kuinywa miaka miwili baadaye kwa kubahatisha unawapa vijidudu nafasi ya kuzoea dawa, na hilo si tatizo lako peke yako, ni letu sote. Dawa ya macho ya chupa ikishafunguliwa nyingi zinatakiwa kutupwa baada ya wiki 4 hata kama tarehe ya kwenye boksi ni ya mwakani, kwa sababu ile tarehe ni ya chupa ambayo haijafunguliwa. Na kabati la bafuni ndo sehemu mbaya kuliko zote kuwekea dawa, joto na mvuke. Za kutupa ulizeni kwanza duka la dawa au hospitali kama wanapokea, kama hawapokei zitoe kwenye pakiti, changanya na uchafu au udongo, funga kwenye mfuko usiovuja ndipo zitoke na takataka, na lebo yenye jina la mgonjwa ichane. Chooni msimwage.

Sasa kitu ambacho kilikaribia kuniua kwa woga. Mdogo wetu, yani dada, alikuwa na mtoto mchanga wa wiki tano, akakuta sanduku la nguo za vichanga alizovaa mwenyewe, mama yetu alizitunza vizuri mno, zimekunjwa, kila tabaka lina vile vidonge vyeupe vya kuzuia nondo, wale wadudu wa nguo. Harufu ikajaa chumba kizima. Dada akafurahi sana akataka amvalishe mwanae pale pale tupige picha. Bahati jirani yetu ni nesi mstaafu alikuwepo anatusaidia akamkataza kwa ukali mpaka tukashangaa. Akatueleza vile vidonge vingi ni vya nafthalini, na kuna watu wamezaliwa na upungufu wa kimeng'enya kinachokinga chembe za damu, kinaitwa G6PD, duniani ni zaidi ya watu milioni 400 na wengi wao wana asili ya Afrika, Asia na nchi zinazozunguka bahari ya Mediterania, na wengi hawajui kama wanao. Mtoto mchanga mwenye upungufu huo akivalishwa au akifunikwa nguo zilizokaa na nafthalini, chembe zake nyekundu za damu zinaweza kupasuka, anapata manjano kali, na manjano ikizidi inafika kwenye ubongo. Nguo! Nguo zilizotunzwa kwa upendo. Baadaye nimesoma mwenyewe nikakuta ni kweli na limejulikana miaka mingi, ila ni mama wangapi wanajua? Nawaomba mhariri kama barua hii ni ndefu mkaikata, hapa msipakate.

Na nondo hamuhitaji sumu kumzuia. Yule kipepeo mdogo mnayemuona akiruka hali nguo, anayekula ni kiwavi wake, na anachopenda ni sufu na manyoya, hasa yenye jasho na mafuta ya mwili. Kwa hiyo fua, kausha juani mpaka ikauke kweli kweli, ndipo uweke kwenye chombo kinachofunga vizuri. Wengi wetu tunaweka nguo iliyovaliwa mara moja tukisema bado safi, hiyo ndo wanayoitaka.

Kuhusu simu na vifaa vya umeme sitazunguka. Fungua ile droo yako leo. Kama kuna simu au pawabenki imevimba, mfuniko umeinuka au skrini inasukumwa nje, usiichaji tena, usiibonyeze irudi, usiitoboe kutoa hewa kama nilivyoona kijana mmoja anafanya, ile betri ya lithiamu inaweza kulipuka moto ambao ni mgumu kuuzima. Iweke mbali na vitu vinavyoungua, peleka kwa wanaopokea taka za umeme. Kwenye pipa la kawaida hapana, maana gari la taka linashindilia na betri ikipondwa inawaka na kuna mtu kasimama nyuma ya gari. Ambayo ni nzima na unataka kuitunza basi iache na chaji kama nusu, isiwe imejaa wala haina kabisa. Na runinga zile za mgongo, kioo chake kina madini mengi ya risasi, yanaweza kufika kilo kadhaa, usiivunje kwa nyundo ili utoe shaba, na usiifungue hata kama imechomolewa, ndani inaweza kuwa imehifadhi umeme wa kukurusha. Ripoti ya Umoja wa Mataifa inasema mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za umeme na hata robo yake haikukusanywa inavyotakiwa, na mi naamini sehemu kubwa ya zilizobaki bado ziko kwenye droo za watu wanaosema itakuja kufaa. Simu ambayo inawaka leo fundi anaweza kuitumia leo, au mtoto wa mtu akapigia. Ikikaa droo miaka mitano haitamfaa mtu. Kabla hujaitoa futa kila kitu kupitia mipangilio ya kurudisha simu kama mpya, toa laini na memori kadi, maana kufuta picha moja moja peke yake hakutoshi.

Nje ya nyumba pia tunatunza. Matairi, ndoo zilizopasuka, makopo, sinki la zamani limeegemezwa ukutani. Mbu anayeeneza dengue anapenda sana vyombo hivi, anataga juu kidogo ya maji na yale mayai yanaweza kukaa makavu kwa miezi, mvua ikinyesha yanaanguliwa na ndani ya wiki moja au siku kumi hivi mbu wazima wameruka. Kwa hiyo kumwaga maji peke yake hakutoshi, chombo kisuguliwe ndani au kiwe chini ya paa au kiondoke. Na dumu lililowahi kubeba dawa ya wadudu lisigeuzwe la maji ya kunywa kamwe, hata uoshe mara 100. Wala mafuta ya taa yasiwekwe kwenye chupa ya soda. Mtoto hasomi lebo, anaona soda.

Sasa nirudi kwa kaka na dada yangu, na kwa mwandishi wenu.

Nilichokuja kuelewa ni kwamba kuhifadhi ni kazi, ni kama kufuga. Ukisema umekihifadhi kitu maana yake kuna mtu anakifungua, anakitazama, anakianika, anatoa betri, anajua kiko wapi. Kama hamna mtu huyo, hicho kitu hujakihifadhi, umekificha tu, na kitaoza au kitawadhuru wanaokuja kukifungua bila kujua ni nini. Swali la nimekitumia lini mi naliona halitoshi, swali ninalouliza siku hizi ni nani atakifungua mwakani. Pale stoo tulifanya hivyo, kila boksi lililobaki tuliandika ubavuni kilichomo, tarehe, na jina la mmoja wetu aliyekubali kwa mdomo wake kwamba mwakani atalifungua. Lililokosa mtu wa kulikubali lilitoka. Mnajua ilikuwa ngumu kiasi gani kwa dada kukaa kimya bila kusema jina lake mbele ya boksi la magazeti ya baba? Ila alijua hatayafungua, na magazeti yalikuwa yameshakuwa ya njano yanakatika ukiyashika. Tukachagua manne yaliyo na mwandiko wa baba pembeni, mengine yakaenda.

Vilivyofaa kwa wengine tulivitoa vikiwa safi na vizima. Kilichovunjika msimpe mtu mkaita msaada, mnamhamishia kazi ya kutupa.

Na naomba niseme neno kwa familia zenye mtu ambaye hawezi kabisa kuachia kitu, nyumba imejaa mpaka kitandani hamna pa kulala. Hilo linaweza kuwa ni ugonjwa, Shirika la Afya Duniani limeuweka kwenye orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika 2022, unaitwa ugonjwa wa kulimbikiza. Kumcheka hakusaidii, na kumvizia akitoka muingie mtupe kila kitu ni kumvunja mtu, akirudi ataanza upya akiwa hawaamini tena. Hao wanahitaji mtaalamu na ndugu wenye subira, makala za kupanga nyumba hazitawafikia. Nawaomba mhariri siku mkipata nafasi mtafute daktari wa akili aandike kuhusu hili, wako wengi wanaona aibu kuuliza.

Mwisho nina ombi langu binafsi kwa wasomaji. Kwenye ile stoo tulikuta kanda moja ya video, zile kubwa za deki. Juu yake kuna mwandiko wa baba, msifute hii, na kile kijiplastiki cha ubavuni amekivunja ili mtu asiweze kurekodi juu yake. Tunadhani ni mahafali ya dada, na kama ni hiyo basi baba anaongea humo ndani, maana wote watatu tunakumbuka alisimama akaongea. Hatuna sauti yake sehemu nyingine yoyote. Kwa kanuni ya miezi 12 hii ilitakiwa iwe ya kwanza kutoka, haijachezwa miaka mingi na hatuna hata cha kuichezea, kiwanda cha mwisho kilichokuwa bado kinatengeneza deki hizo kilisimamisha mwaka 2016. Nikiiangalia kwenye kidirisha chake naona madoadoa meupe kwenye mkanda, nimeambiwa huo ni ukungu na nisiithubutu kuiweka kwenye mashine kabla haijasafishwa na anayejua, itakatika na itaharibu mashine ya mwenyewe. Nimeisimamisha wima kabatini sehemu kavu, mbali na spika, na boksi lake lina jina langu.

Kama kuna msomaji ana deki inayofanya kazi, au anamjua fundi wa kusafisha kanda zenye ukungu na kuzihamishia kwenye kompyuta, naomba aandike kupitia gazeti hili. Nitaileta mwenyewe kwa mikono yangu, na ningeomba nikae pale pale wakati inachezwa.

Ni mimi msomaji wenu wa siku nyingi.